Mtani wangu amelala Kaboya

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka nyumbani Tabora. Mama yako hajambo, goti linamsumbua asubuhi tu, jua likipanda anaendelea na shughuli zake. Uliponipigia kusema umehamishiwa Muleba uliniuliza mbona baba umenyamaza. Sikukasirika, mama. Nilisikia Muleba, akili ikaenda moja kwa moja Kaboya. Nikasema haya siyawezi kwenye simu, bora niandike.

Kaboya iko wilayani humo humo, njia ya kwenda Bukoba. Pale ndipo walipolazwa wenzetu wa vita vya Kagera, zaidi ya 600, makaburi yamepangwa safu kama gwaride. Mmoja wao ni Mtani. Umekua ukinisikia nikimtaja hivyo na hujawahi kuniuliza jina lake. Jina nimekuandikia kwenye kikaratasi cha pembeni, ili ukifika usome vibao mpaka ulione.

Alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, fundi cherehani. Mimi Mnyamwezi. Unajua wenyewe Mzaramo na Mnyamwezi wakikutana: hata hatujapeana majina alikuwa ameshaninyang'anya kopo langu la chai, anasema ni fidia ya babu zangu waliopita kwao na mizigo ya pembe wakala mihogo bila kulipa. Sote tulikuwa mgambo. Novemba 1978 Mwalimu alikuwa ameshatangaza kwamba uwezo wa kumpiga nduli Amin wa Uganda tunao, sababu tunayo, na nia tunayo, nasi tukaitwa kwa maelfu, walimu, wakulima, mafundi, tukafunzwa haraka haraka. Tukaangukia Brigedi ya 201.

Mtani alikuwa na sindano moja. Aliichomeka ndani ya ukingo wa kofia, na uzi ameuzungushia njiti ya kiberiti. Jioni tukishachimba mahandaki, watu walimpelekea gwanda zao. Kifungo changu cha mfuko wa kushoto kilikatika tukiwa tumeshavuka mpaka pale Mutukula kuingia Uganda, na uzi wa kijani ulikuwa umemwishia. Akakishona kwa uzi mwekundu, sijui aliutoa wapi. Alishona polepole, akalikata lile fundo kwa meno, akanipigapiga kifuani: "Haya Mnyamwezi, sasa hata ukipotea nitakujua." Lile shati unalifahamu, ndilo lililo kwenye sanduku la bati, ambalo mama yako alitaka kuligeuza tambara nikagomba. Kifungo bado kipo.

Sasa nikuambie jambo la Lukaya.

Lukaya ni mji mdogo kwenye barabara ya Masaka kwenda Kampala. Mbele yake barabara inapita katikati ya bwawa, mafunjo huku na huku, huna pa kujificha. Tarehe 10 Machi 1979, jioni, wakatushukia askari wa Amin pamoja na Walibya waliokuja kumsaidia, wana vifaru na roketi za Katyusha. Makombora mengi yalitupita juu yakaangukia nyuma, lakini ule mlio, mwanangu, mtu ambaye hajawahi kuusikia haumwachii akili. Wengi wetu ilikuwa mara yetu ya kwanza kupigwa hivyo. Brigedi ikavunjika. Watu wakakimbia.

Nami nilikimbia. Hujawahi kulisikia hilo kwangu. Kila tarehe 25 Julai unaniona navaa nishani, wajukuu wanashangilia, na mimi kimya. Niliingia kwenye mafunjo maji yakanifika kiunoni, nikakaa humo usiku. Mtani tulikuwa handaki moja. Nilidhani yuko nyuma yangu. Sikugeuka kutazama.

Walionusurika upande ule waliniambia Mtani naye alitoka, kisha akarudi kumfuata kijana mmoja aliyepigwa mguuni, mgeni kabisa, hata wiki hajamaliza nasi. Alfajiri ya tarehe 11 wenzetu wa Brigedi ya 208, waliokuwa wamezunguka bwawa, wakawapiga wale kwa nyuma, nasi tuliokusanywa tena tukapiga kutoka mbele. Tukashinda. Ndipo nikamkuta mtaroni, kando ya barabara, na yule kijana pembeni yake, wote wawili. Kofia ilikuwa bado kichwani.

Kwa mila, mtu akifa mtani wake ndiye mwenye msiba. Ndiye anayeiga mwendo wa marehemu mpaka wafiwa wacheke, anadai vitu vyake, anazuia maiti isitoke mpaka alipwe. Mimi nilipata dakika chache tu. Nikachomoa sindano, maana mtani ana haki ya kuchukua kitu, kisha amri ikatoka tusonge. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili, mwezi mmoja kamili. Watu walicheza barabarani, wakatupa ndizi na maua. Mimi nilikuwa nikipapasa mfukoni kama sindano ipo.

Kumzika, basi, sikumzika. Kaboya nimefika mara moja, kwenye maadhimisho, kukiwa na viongozi na bendi, nikasimama mbali nimekakamaa kama askari. Utani haufanyiki mbele ya bendi. Sasa miguu hii haifiki tena huko.

Kwa hiyo nakutuma wewe. Nenda siku ya kawaida, usingoje Julai. Omba ruhusa kwa utaratibu, pale ni pa jeshi. Msomee Fatiha kwanza. Halafu, mama, mtanie. Mtoto wa mtani ni mtani, una haki zote. Mwambie Wazaramo bado wanatudai kopo wakati wao ndio waliolichukua. Mwambie uzi wake mwekundu ulikuwa wa kuazima na mwenyewe anaudai. Usione aibu walinzi wakikutazama.

Kisha nipigie ukiwa pale pale kaburini, uweke simu sauti kubwa, uisogeze karibu na kibao. Ya Lukaya nitamwambia mwenyewe.

Baba yako