Barua ya wazi kwa mkubwa wetu wa elimu: turudishieni madaftari ya watoto

Assalaam aleikum Mheshimiwa, na pole na kazi.

Nimevumilia sana kabla ya kuandika hii, nilidhani mambo yatanyooka yenyewe, lakini wiki jana mwanangu karudi nyumbani analia, madaftari yao ya tafakari yamekusanywa yote yakafungiwa afisini, eti amri imetoka juu, yanapoteza muda wa silabasi. Sasa huko juu ni wewe au ni nani?

Wasiojua niwaeleze. Mwalimu wao somo likikaribia kwisha anawaachia watoto dakika chache, kimya, kila mmoja aandike leo nimeelewa nini, wapi nimekwama, na nilipokwama nimejaribu nini. Hakuna maksi. Usiku anayasoma, kesho anaanzia pale walipokwama, basi. Serikali haikutoa hata shilingi, daftari nimenunua mwenyewe kwa pesa ya unga wa mahamri na bei ya unga unaijua.

Siku moja mwanangu aliandika: "Nimeelewa bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa kamili. Sijaelewa kwa nini maji kila siku yanachelewa kujaa." Bamvua ndio yale maji ya bahari yanayojaa na kupwa sana. Babake ni mvuvi, mtoto ameyaona hayo tangu udogoni na hakuwahi kuuliza! Kesho yake mwalimu akaanza na swali lile lile, akachukua chungwa likawa dunia, ndimu ikawa mwezi, akawaonyesha dunia ikimaliza mzunguko wake mwezi nao umeshasogea, inabidi izunguke kidogo zaidi ndio iufikie, na kwa kuwa maji hufuata mwezi, hapo ndipo zinapotoka zile dakika kama 50 ambazo maji huchelewa kila siku. Jioni mtoto akamsomesha babake. Na huyu alikuwa wa kukariri tu Mheshimiwa, ukimgeuzia swali kidogo ameshapotea.

Sijui nani alilalamika. Nadhani ni presha ya mtihani wa gredi ya tisa, kila mtu anataka shule yake isifiwe, sasa dakika zile zimepewa makaratasi ya maswali ya kuchagua. Lakini mtaala ni wenu. Kati ya umilisi saba, yaani uwezo wa msingi wa mwanafunzi, mliotutangazia mmoja ni kujifunza jinsi ya kujifunza, na andalio la somo la mwalimu lina sehemu ya tafakari. Kwa nini mwalimu atakiwe kutafakari na mtoto akatazwe?

Na wewe mwenyewe kwenye kikao cha wazazi ulisimama ukasema mambo ya kukariri yamekwisha, tukapiga makofi. Nilikuwepo, nimefunga biashara kuja kukusikiliza, na nilikuamini.

Hatuombi kompyuta, hatuombi madarasa mapya ijapokuwa watoto wamebanana. Tunaomba madaftari yarudi, mwalimu aachiwe dakika zake. Andika barua shuleni, hata mstari mmoja, useme ruhusa ipo. Muhula unayoyoma Mheshimiwa. Madaftari yarudi, tafadhali.

Mzazi wa gredi ya saba, Lamu