Harambee ya Kivuli, Losheni na Nauli ya Kliniki

Wazazi wenzetu, walimu na majirani wa Likoni,

Mwanafunzi wetu mmoja wa darasa la tatu ana ugonjwa wa Rothmund-Thomson. Jina hatulitaji. Ni maradhi adimu ya kurithi: mtoto huyapata akipokea jeni yenye hitilafu kwa baba na kwa mama, ilhali wazazi wenyewe huwa wazima. Hayaambukizi, wala si kurogwa. Madaktari wameyaandika tangu 1868. Kusoma anasoma kama wenzake.

Adui yake mkubwa ni jua. Upele huanza mashavuni katika miezi ya mwanzo ya maisha, kisha ngozi hubaki na mabaka, nyembamba, vimishipa vikionekana. Kila jua linapoichoma, hatari ya saratani ya ngozi huongezeka. Losheni ya kukinga jua hushindwa kwa sababu moja hasa: watu hupaka kidogo mno. Uso, shingo, mikono na miguu ya mtoto wa umri huu vyahitaji kama mililita 15 kwa mara moja. Akipakwa asubuhi na tena adhuhuri, kwa wiki 13 za muhula ni karibu lita 2, na hapo hatujahesabu Jumamosi na Jumapili. Losheni ya serikali hugawiwa wenye ualbino. Yeye hana ualbino.

Tunataka pia kuezeka njia ya kutoka darasani hadi chooni, mita 22, kwa makuti au mabati. Neti ya kitalu tafadhali msilete, inapitisha miale. Sare yake itashonwa mikono mirefu kwa kitambaa kizito: kinyanyueni mbele ya taa, mkiona mwanga umepenya, hicho hakifai. Darasani tumeshamhamisha mbali na dirisha, maana kioo hakizuii miale yote.

Macho yanapimwa kila mwaka, kwani mtoto wa jicho huweza kutokea utotoni na kukua upesi. Walimu, akianza kusogeza kitabu karibu na uso, au mboni ikionekana nyeupe, semeni siku hiyohiyo.

La mifupa ndilo linalotutia hofu zaidi. Kwa wenye hitilafu katika RECQL4, mojawapo ya jeni zinazoleta ugonjwa huu, takriban 30 kati ya 100 hupata saratani ya mfupa, mara nyingi wakiwa bado watoto. Akichechemea, au akilalamika mfupa unauma usiku, au pakavimba, msimkande wala kumchua mkidhani ni mpira tu. Apelekwe kupigwa eksirei. Kwa hiyo sehemu ya mchango itawekwa kando kwa nauli ya feri na matatu, ili safari isingoje mwisho wa mwezi.

Harambee ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, saa tatu asubuhi, uwanjani. Namba ya M-Pesa ya shule imebandikwa ubaoni langoni, andikeni "kivuli". Mwenye makuti, mbao au siku moja ya ufundi amwone mwenyekiti wa wazazi. Risiti zote zitabandikwa ubao huohuo.

Kamati ya Wazazi