Baba mdogo kapimwa mara mbili, kila hospitali na namba yake

Ndugu mhariri,

Makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu akili mnemba hospitalini nimeisoma yote na nimeipenda, ila mmebishana sana kama madaktari watabaki na kazi au hawatabaki, mimi naona shida haipo hapo. Ngoja niwaambie yaliyotukuta.

Baba mdogo ana presha miaka mingi. Mwaka jana siti skani ya kifua ikaonyesha aota, yaani ule mshipa mkubwa unaotoka kwenye moyo, umetanuka umefika sm 4.6. Akaambiwa ameze dawa za presha, asibebe vitu vizito, arudi kupimwa. Miezi mitano baadaye akapigwa picha hospitali nyingine, ripoti ikasema sm 5.2. Jamani nyumba ilichafuka, maana tulishaambiwa mshipa ukikua nusu sentimita ndani ya mwaka mmoja upasuaji unaanza kuongelewa hata kama haujafika ile 5.5 wanayoiogopa, na ukichanika huna muda wa kujiuliza. Shangazi akaanza kutafuta mteja wa kiwanja ili mdogo wake apelekwe India.

Kumbe wapi. Daktari mmoja kijana akauliza picha za mwanzo ziko wapi, sio karatasi, picha zenyewe. Zilikuwa kwenye sidii ndani ya bahasha ya kaki chini ya godoro, na kompyuta ya pale haina hata pa kuchomeka sidii, tukazunguka siku mbili kutafuta mtu wa kutuhamishia kwenye flashi. Akakaa akapima zote mbili yeye mwenyewe, mtindo mmoja, akapata 4.6 na 4.7. Basi. Yule wa pili alipima kipande kilichokatwa mshazari. Akatuelezea kwa ndizi: ukiikata sawasawa unapata duara, ukiikata mshazari kipande kinarefuka kama yai, sasa aota nayo imepinda vilevile kama ndizi, ukikosea mkato lazima namba ipande.

Hapo ndo hiyo akili mnemba ingetuokoa. Wataalamu wanachora ukingo wa aota kwa mkono kwenye picha nyingi, programu inajifunzia humo, ikishaiva inachora yenyewe kipande kwa kipande, inatafuta mstari wa katikati ya mshipa halafu inapima kwa kuukingama huo mstari, yaani ule mkato wa sawasawa wa ndizi, leo hivyo na mwakani hivyohivyo, hata iwe saa nane usiku haisinzii. Kuna watafiti wa Marekani walichukua picha za MRI za Waingereza waliojitolea kwenye UK Biobank, mradi mkubwa wa kukusanya taarifa za afya za watu kwa ajili ya utafiti, picha milioni 4.6 mhariri, programu ikapima aota zote, na kwa vipimo hivyo wakapata sehemu 82 kwenye vinasaba zinazohusiana na upana wa aota pale inapopanda kutoka moyoni. Kazi hiyo ilichapishwa 2022. Nani angekaa na rula apime hayo?

Ila tusiipokee kama mgeni wa harusi. Wale waliojitolea Uingereza karibu wote ni wazungu, kwa hiyo programu iliyofundishwa kwa picha kama hizo ijaribiwe kwanza kwa picha za watu wa huku, na mashine za huku. Halafu mshipa uliotanuka wakati mwingine unakuwa na damu iliyoganda ukutani, programu ikifuata tu pale damu inapopita itakuambia mshipa mwembamba kumbe ni mnene, kwa hiyo daktari lazima aangalie ule mstari umechorwa wapi.

Na ikija, italinganisha na nini? Hospitali zetu nyingi zinakupa karatasi ya ripoti, picha ukiomba unaangaliwa kama umeomba funguo za famasi. Ombi langu ni dogo, kabla ya kununua programu za mamilioni tuwekeeni picha mahali zinapopatikana na mgonjwa apewe nakala yake bila kubembeleza, na ripoti iandike kipimo kimechukuliwa sehemu gani ya aota na kwa mkato gani.

Baba mdogo anarudi kupimwa mwezi wa nne. Picha zote sasa ziko kwenye flashi mbili, moja ninayo mimi, nyingine shangazi kaifungia kwenye sanduku la kanga pamoja na hati ya kile kiwanja.

Msomaji wenu,
Tanga