Barua ya wazi kwa binamu yangu wa "Lesta"

Binamu, habari za huko? Huku wazima, joto tu. Nimeona nisikufuate inboksi, niandike hapa hapa maana najua wenye mabinamu kama wewe ni wengi.

Ile siku shangazi kakuuliza kwa roho safi kabisa habari za huko Uingereza unakoishi, mji unaoandikwa Leicester, eti huko Leichesta baridi kali? We badala ya kumjibu ukaanza hapana shangazi, siyo Leichesta, ni Lesta, sema Lesta, hebu rudia, mtu mzima ukamkalisha darasani mbele ya sinia la pilau na watoto wanacheka. Na habari ya baridi hukumpa mpaka umepanda ndege.

Sasa kosa la shangazi liko wapi? Manchester si inasomwa Manchesta? Kafuata njia hiyo hiyo. Wenye lugha wameandika herufi tisa wanatamka nusu, Worcester nayo eti Wusta, Greenwich ni Grenich, Tottenham ni Totnam, halafu Cirencester unaikuta inasomwa karibu yote, Sairensesta, sijui yenyewe ilisamehewa na nani. Sisi tumezoea herufi ikiandikwa inatamkwa, hatuweki za mapambo.

Na usiniambie kuna matamshi sahihi, wenyewe hawajaelewana. Basi la London na basi la Leeds halitamkwi sawa, huku "bas" kule "bus" kwa u yetu hii hii. Marekani ndo kabisa, Arkansas ilibidi mwaka 1881 bunge la jimbo likae lipitishe azimio kwamba isomwe Akansoo, s ya mwisho isisikike, yaani waheshimiwa wanajadili matamshi! Na mto wenye jina hilo ukifika Kansas watu wa pale wanauita Akanzas, azimio au hakuna azimio.

Halafu 2016 Leicester wanachukua ligi, kibanda umiza kilikuwa kinatapika watu, kila mtu anaiita anavyojua, Leisesta, Lesita, na Mahrez akifunga tulikuwa tunaruka wote. Hakuna aliyesimamisha mechi kurekebisha mtu.

Ila kilichoniuma zaidi siyo hicho bana. Ni pale uliposema kazini wanakuita "Ingi" kwa sababu jina la babu limewashinda. Jina lote limebaki Ingi! Ng' moja tu, sauti ambayo wao wanayo kila siku kwenye "singer", ni vile tu hawajazoea kuiweka mwanzo wa neno, na we umenyamaza, unaitika. Shangazi kwenye Lesta hukumwachia hata sekunde.

Na mwanao naye nasikia anajitambulisha hivyo hivyo. Mlete Desemba. Bibi keshasema ng' atafundisha yeye, asubuhi kabla ya chai, na we utakaa pembeni unarudia.