Lile benchi la Lighthouse

Mwanangu Salma,

Picha zako za lile benchi la saruji la pale Lighthouse, kando ya mnara wa taa, zimefika, na mamako kanipokonya simu kabla sijazimaliza.

Nianze na ile ya rangi ya chungwa. Wewe ni mtoto wa Mombasa, mwanangu. Pale Lighthouse jua huchomoza baharini na kuzama upande wa bara, mgongoni mwa aliyeketi. Hayo machweo uliyoyapaka juu ya maji kwa programu ya simu huenda yakampendeza mtu wa Nairobi, mimi yamenichekesha. Nenda baada ya alasiri, jua likishateremka. Likipiga kwa ubavu, kila tundu la saruji hupata kivuli chake.

Ile ya pili ndiyo picha. Umeisogelea ile pembe iliyobanduka, vyuma vimechomoza vyekundu kwa kutu, mnara wa taa uko nyuma kwa mbali. Wengi hudhani benchi lile limevunjwa na watu. Mimi niliyezeeka na mwiko wa uashi mkononi nakwambia ni chumvi. Upepo wa bahari huileta, ikapenya saruji polepole mpaka ikafikia chuma. Chuma kikishika kutu huvimba, nayo saruji hupasuka kutoka ndani. Ndiyo maana kuziba ufa kwa lipu pekee ni kazi bure: kutu iko palepale, inaendelea kula. Bustani ya Mama Ngina, hapo hapo ufukweni, ilipotengenezwa upya, hata Siku ya Mashujaa ya 2019 ikafanyiwa pale, benchi hili halikubahatika. Limebaki na wateja wake, watu wanaoketi kula mihogo.

Na hao ndio sijawaona. Picha yako inalililia benchi kama vile limesuswa, na halijasuswa! Katikati limekuwa laini kwa kukaliwa, na ganda la dafu halikosekani chini yake. Au ulifagia kwanza? Siku nyingine liache.

Rudi wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yakijaa sawasawa. Kisha subiri meli ya makontena inayoelekea bandari ya Kilindini. Mlango ule wa bahari ni mwembamba, meli hupita karibu hata ukasoma jina ubavuni. Mnara, meli na mla mihogo wakiingia pamoja, picha yenyewe itaeleza taa ile iliwekwa kwa kazi gani na benchi kwa kazi gani.

Lenzi usiifute kwa ncha ya leso. Chumvi ikishakauka hukwaruza kioo. Ipulize kwanza, kisha kitambaa laini. Na ukishuka kuelekea feri ya Likoni, kamera iingie mkobani, pale hawataki picha.

Ile ya kutu nichapishie kubwa. Mamako anaitaka sebuleni, mahali pa kalenda, na tumeshabishana kuhusu msumari.

Babako