Kidole cha sita cha mwanao

Tanga, Jumapili usiku

Shoga yangu Mwanaidi,

Hongera kwa kujifungua, na pole kwa uchungu. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Furaha yako naisikia, na kilio chako nacho nakisikia, ndiyo maana nimekaa nikuandikie. Haya si ya kujibizana kwa simu huku watu wamejaa chumbani kwako.

Unasema mtoto ana kidole cha sita mkono wa kushoto, pembeni ya kidole cha mwisho, kinaning'inia kwa kikonyo chembamba. Na hapo nyumbani wanakuuliza ulipokuwa mjamzito ulimcheka kilema gani, au ulikula udongo kiasi gani. Mwanaidi, hukufanya kosa lolote. Ngoja nikueleze mkono unavyoumbwa.

Kila nikifika mada ya uzazi darasani huvunja yai la kuku lililokaa siku nne kwenye mashine ya kutotolesha. Unakuta moyo unadunda, chembe nyekundu, mishipa ya damu imetandaa juu ya kiini kama mizizi. Ukitazama kwa lenzi, ubavuni kuna vinundu vinne, viwili huku na viwili huku, vidogo kuliko kichwa cha pini. Hayo ndiyo mabawa na miguu. Darasa zima hunyamaza.

Binadamu naye huanza hivyohivyo. Mimba ikifikisha kama siku 26 tangu itunge, kiinitete, yaani mtoto anapoanza kuumbika, hakijafikia urefu wa punje ya mchele, lakini vichipukizi vya mikono vimeshatokeza. Vya miguu hufuata baada ya siku mbili hivi. Kwenye ncha ya kila kichipukizi kuna ukingo mwembamba unaozichochea seli zilizo chini yake ziendelee kuzaana. Mwanasayansi Mmarekani John Saunders aliukata ukingo huo kwenye bawa la kifaranga ambaye bado yumo yaini, na mwaka 1948 akaeleza alichokiona. Ukikatwa mapema, huota kipande cha juu tu cha bawa. Ukikatwa baadaye, bawa hukaribia kukamilika. Kumbe mkono hujengwa kuanzia begani ukiteremka, na vidole huja mwisho.

Sasa, mkono unajuaje gumba likae wapi na kidole cha mwisho kikae wapi? Hapa ndipo ninapopapenda kuliko pote. Upande wa kidole cha mwisho kuna kikundi kidogo cha seli kinachotoa ishara. Saunders na mwenzake Mary Gasseling walizichukua seli hizo wakazipandikiza upande wa pili wa kichipukizi, na bawa likaota vidole vya ziada, vimepangwa kama vinajitazama kwenye kioo. Mwaka 1993 ikajulikana kwamba ishara yenyewe ni protini iitwayo Sonic hedgehog. Jeni, yaani maelekezo ya urithi yaliyomo ndani ya seli, zinazoipima na kuiitikia ishara hiyo ni nyingi, na badiliko dogo katika mojawapo latosha kuongeza kidole.

Kisha kiganja huwa bapa kama kafi, mistari ya gegedu, yaani mfupa laini, hujichora ndani yake, na nyama iliyo katikati ya vidole hufa yenyewe, ikaviachanisha. Bata miguuni mwake nyama hiyo haifi, ndiyo maana anaogelea vile. Kufikia wiki ya nane vidole vimeachana. Wewe uliniambia uligundua una mimba ulipokosa siku zako mara ya pili. Wakati huo ramani ya vidole vya mwanao ilikuwa imeshachorwa, shoga yangu.

Uliniuliza pia kuhusu dawa. Ni kweli, ipo dawa iliyowahi kuharibu viungo vya watoto: talidomaidi, iliyoanza kuuzwa Ujerumani Magharibi mwaka 1957 na kuondolewa mwishoni mwa 1961, baada ya maelfu ya watoto kuzaliwa na mikono mifupi au bila mikono kabisa. Mama zao walikuwa wamepewa dawa ya usingizi na kichefuchefu. Naumia kila nikiwakumbuka. Lakini hicho cha mwanao ni kitu kingine kabisa.

Kidole cha ziada upande ule ni cha kawaida sana kwetu watu weusi, na mara nyingi hurithiwa, hata kuruka mtu mmoja na kuibukia kwa mjukuu. Siku ya harusi yako baba mkwe wako alinipa mkono, nikahisi kinundu kigumu pembeni ya kidole chake cha mwisho. Muulize kwa heshima alizaliwa na vidole vingapi.

Ila naomba jambo moja: usikubali kifungwe uzi nyumbani. Kikonyo hicho kina mshipa wa damu, kinaweza kuoza au kubakiza kinundu kinachouma. Mpeleke hospitali, daktari aangalie kama kina mfupa ndani, na amkague mtoto mwili mzima.

Nakuja kabla ya arubaini. Kama watakiondoa mapema, kwanza nipigie picha ya mikono yote miwili, ameikunjua. Nataka nikione.

Wako akupendaye,
Rehema