Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia: mizizi yetu ipimwe Tengeru

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu kutoka Ngaramtoni, Arusha, ninakofundisha kemia.

Mwaka 2011 watu walimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Babu, dawa ya mizizi iliyosemwa inaponya hata UKIMWI, kwa shilingi 500. Wapo wenye VVU waliorudi nyumbani wakaacha ARV. Vumbi lilipotulia wengine wakacheka, wengine hadi leo hawataki kusikia mugariga, mti wa dawa ile, ukisemwa vibaya. Mimi nataka mti upimwe, basi.

Kupima kwenyewe kuna mitego. Ukichanganya maji ya mzizi na kirusi cha UKIMWI kwenye kichupa, kirusi kikafa, bado hujapata dawa. Hata sabuni inakiua. Maji hayohayo lazima yatiwe kwenye seli za binadamu, uone kama zinabaki hai. Hapo ndipo mizizi mingi huanguka. Ila hatua ya mwanzo haihitaji hata kirusi hai: unapima kimeng'enya chake tu, kile kinachogeuza RNA kuwa DNA. Ndicho kinachozuiwa na AZT, dawa iliyotengenezwa 1964 kwa ajili ya saratani, ikashindwa, ikasahaulika, kisha 1987 ikaidhinishwa Marekani kutibu UKIMWI.

Wapo waliotutangulia: watafiti wa Marekani walichukua sampuli za mti msituni Sarawak, Malaysia, mwaka 1987. Maabara ikaona zinazuia VVU. Kurudi kuufuata, mti umeshakatwa! Ikabidi wahangaike na ndugu zake. Serikali ya Sarawak ikaingia ubia wa nusu kwa nusu. Kemikali iliyopatikana humo, kalanolidi, haijafika duka la dawa, lakini wenye msitu walikuwa mezani tangu mapema. Sisi misitu tunakata, na mezani hatupo.

Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela pale Tengeru, Arusha, iko chini ya wizara yako. Naomba itengewe fungu la kila mwaka la kazi hii, maana fedha za wafadhili hukatika watafiti vijana wakiwa katikati ya vipimo. Makubaliano na wanakijiji na waganga yaandikwe kabla jembe halijagusa mzizi. Na kila atakayeleta mzizi aambiwe wazi, kwa Kiswahili na Kimaasai: vidonge vya CTC, yaani ARV za kliniki, usiache, hata majibu ya maabara yakipendeza vipi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwalimu wa kemia, Ngaramtoni